Jumapili za Mayunga

Aliletwa kupima mabomba,
mhandisi Kuniaki wa mradi wa maji,
nami nikaajiriwa kumwendesha.
Siku sita nilimwendesha.
Ya saba alinigongea mlango Igogo, kofia kichwani:
"Gali lipumzike. Tutembee."

Hakuna aliyemcheka kwa hilo gali.
Huku kwetu r na l zinalala kitanda kimoja
tangu enzi za bibi zetu.
Alipomwita muuza supu "lafiki yangu"
yule alimpakulia bila kuinua macho,
akidhani ni mtu wa Misungwi.

Mtaani wakampa jina: Mayunga, mzururaji.
Alilipenda. Akaliandika kwa wino mzito
ndani ya ukingo wa kofia.

Wageni wengine tumewazoea.
Wanauliza simba wako wapi,
wanalipiga picha Jiwe la Bismarck,
wanaondoka na ndege ya saa kumi.
Huyu aliuliza barafu ya samaki inagandishwa wapi.
Tukaenda. Tukasimama kiwandani saa nzima
tukitazama maji yakigeuka mawe,
naye anatikisa kichwa
kama mtu aliyealikwa harusini.

Kirumba, uwanjani, alikaa upande wa wanaofungwa,
kila mara.
Unawajuaje kabla?
"Tazama wanavyofunga kamba za viatu."
Filimbi ya mwisho ikilia, watu wanamiminika nje,
yeye anatoa mfuko, anaokota:
maganda ya karanga, vijikaratasi, chupa.
Ndipo akamjia Bi Nyanzobe,
kanga kiunoni, gunia begani.
"Wewe Mchina, chupa hizi zinasomesha watu.
Nani kakupa ngwe hii?"
Nilitamani kuyeyuka.
Mayunga aliinama mpaka kofia ikaanguka,
akamkabidhi mfuko mzima.
Toka siku ile waligawana uwanja:
mama chupa, yeye karatasi,
na ugomvi mdogo juu ya vifuniko.

Halafu mbio za baiskeli, Magu kwenda na kurudi.
Akaazima Foniksi ya muuza maziwa, breki moja,
namba mgongoni imeshonwa na fundi wa Mlango Mmoja.
Vijana wa Shinyanga walipita kama habari mbaya.
Nilimngoja Nyakato, kwenye kivuli cha kituo cha mafuta,
hadi kamba ya mwisho ikakunjwa,
hadi mwenye kipaza sauti akala, akalala.
Akafika na madebe nyuma, matupu,
maana mwenye baiskeli alimwomba
apitishe maziwa ya watu njiani,
kwa kuwa anaelekea hukohuko.
"Nimekuwa wa sitini na tatu!" uso unawaka.
Walioanza walikuwa sitini na wawili.

Ukara tulivuka maji mara mbili
kwenda kuliona jiwe linalocheza.
Mimi mzaliwa wa hapa, miaka thelathini na tisa,
sikuwahi kufika.
Mgeni njoo mwenyeji apone,
ila sikujua kama nilikuwa naumwa.
Walilisukuma, likatikisika.
Hakupiga picha.
Aliweka kiganja pale, muda mrefu,
akasema kwao ardhi hucheza yenyewe,
haingoji kuombwa,
na siku moja ilicheza na nyumba ya mama yake.
Kisha akauliza kama kuna mahali
panapouzwa chapati.

Mradi uliisha Juni.
Sasa namwendesha mwingine, hulala Jumapili.
Juzi nilikwenda Kirumba peke yangu,
nikachunguza kamba za viatu,
nikakosea: upande wangu ukashinda.
Bi Nyanzobe alipanda ngazi hadi nilipokaa,
gunia limejaa nusu.
"Mwenzangu wa karatasi yuko wapi?"
Nikamwambia kwao. Mbali.
Akaketi. Akavua ndala moja, akakung'uta kijiwe.
"Kwa hiyo hizi ataokota nani?"

Upepo wa ziwani ukazichukua chache,
ukazipitisha juu ya uzio wa waya,
ukaziingiza golini.