Rufaa ya Miguu

Mbeya ina rufaa mbili, nami nimepanga foleni kwenye zote:
Hospitali ya Rufaa, wanakogonga goti langu kwa nyundo ndogo ya mpira,
na rufaa ya karatasi, isiyo na nyundo, ina mihuri.
Barua ya kwanza ilisema: Hakuna jeraha linaloonekana.
Kweli. Hata mimi nililitafuta.

Ninachokiona ni kandambili moja
iliyobaki njiani, kwenye majani ya chai ya Andwele,
nami nimefika nyumbani sijui mguu upi uko peku
mpaka Subilaga aliponiuliza.
Ninachokiona ni Juni iliyopita, baridi ya Tukuyu imetubana jikoni,
nikasikia harufu, nikasema, Mama Lusajo, nyama inaungua.
Akasema, nyama gani, leo tuna maharage.
Kisha tukatazama chini.

Mchana miguu haipo.
Usiku inarudi, yote miwili, imenuna
kama watu waliochelewa msibani wakakuta masufuria yameoshwa.
Siafu wanapanda hadi magotini.
Shuka likigusa kidole, naona nyota.
Nikisema ganzi, wananiuliza: sasa ganzi inaumaje?
Swali zuri. Nalibeba tangu sabini na tisa,
lori lilipopinduka ng'ambo ya Mto Kagera
na sanduku la risasi likalala kiunoni mwangu
saa nne, mvua ikinyesha.

Leteni shahidi, wakaandika.
Shahidi ni Koplo Kihwele, aliyeliondoa sanduku.
Nikapanda basi hadi Kilolo. Mjane wake akanisongea ugali,
akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye mitipesheni.
Nikakaa kando ya saruji, nikamweleza Kihwele shida yangu.
Hakukataa.

Fomu ina mstari mmoja: Eleza maumivu kwa ufupi.
Subilaga anashika kalamu, mimi nasema, yeye anachuja.
"Andika: siwezi kufunga vifungo vya shati."
Akatulia.
"Hicho naandika mwenyewe," akasema. "Vifungo nafunga mimi."
Akaandika, mstari ukaisha, akapanda pembeni,
akageuza karatasi.
Sikumwomba anisomee.

Dirishani, kijana wa masjala, shati limenyooka,
akanipa kalamu. Ikaanguka.
Akaiokota, akanipa. Ikaanguka.
Akavuta pedi ya wino, kwa upole kabisa:
"Weka dole gumba, mzee. Wengi wenu hamkubahatika kusoma."

Kijana,
kule handakini mimi ndiye niliyeandika barua za kikosi.
Kwa wake, kwa wachumba, kwa mama mmoja wa Makete aliyedaiwa mbuzi.
Kihwele, tumbo tupu siku ya pili, alisema: mwambie nakula vizuri.
Nikaandika, nakula vizuri, na herufi zikalala mstarini
kama askari waliolala wakiwa wamevaa buti.
Usiku mmoja barua kumi na tisa, kwa tochi moja,
na kila jina, mwishoni, nililiwekea mkia.

Sikumwambia.
Nikatoa dole. Yeye ndiye aliyelibonyeza.
"Tayari, mzee?"
Nikatazama karatasini
nijue kama nimegusa.