Unywele Pembeni mwa Picha

Makopo tisa bapa chini ya kitanda cha mjane, Namakwekwe.
La kumi halina kifuniko: alikigeuza kikaango cha karanga
miaka na miaka, nami nilizila, tamu,
kabla sijauliza kilikuwa kikifunika nini.

Siki ilinipokea mlangoni.
Filamu haifi ghafla. Huchacha kwanza,
kisha hujikunja, kisha hugoma kufunguka
kama ngumi ya mtoto aliyeficha sukari.

Na mimi ni nani wa kuiokoa? Benki nayo iliuliza hivyo.
Filamu yangu ya kwanza niliipiga kwa kamera ya harusi,
ya kuazima, irudi Jumamosi saa mbili asubuhi.
Mhusika mkuu akashikwa na malaria siku ya pili,
nikaandika upya: aende Tororo, asirudi.
Watu wakausifu sana ule ukimya wa mwisho.
Ya pili ilikula pikipiki yangu.
Ya tatu ilikula mume, au alijiondokea mwenyewe,
sina hakika, nilikuwa nahariri.
Kisha vitabu viwili, nikavibeba mgongoni shule hadi shule;
mwalimu mkuu mmoja wa Sironko alinilipa mikungu miwili ya ndizi.
Kampala nimewahi kulipwa vibaya zaidi.

Sasa hii. Wamimbi aliipiga mwaka sabini na tatu,
maduka ya Mbale yamepakwa rangi mpya
juu ya majina ya waliofukuzwa,
na majina yanachungulia.
Mtu anasukuma baiskeli, gunia la kahawa, mnara wa saa.
Sauti imepotea. Mjane anaisoma midomo, mimi naandika.
"Hapa anauliza bei. Hapa anatukana, usiandike."
Nimeandika.

Mashine iko ng'ambo. Picha huniingilia usiku,
bando likiwa nafuu. Fundi ana adabu:
*Dakika ya nne, pembeni kulia, pana unywele,
ulinasa kwenye dirisha la kamera, unatetemeka
fremu mia mbili na kumi na moja.
Tumeshaufuta. Tafadhali tazama.*

Nilitazama. Mwamba wa Wanale, anga, hakuna doa.

Nikampelekea mjane zote mbili kwenye simu,
iliyooshwa na isiyooshwa.
Ile safi aliitazama kwa heshima, kama mgeni kanisani.
Ile nyingine akaicheka hadi akashika ukuta.
"Zilikuwa zinamtoka! Nilimwambia avae kofia,
akasema kofia inamziba jicho."
Akairudia. Akairudia tena,
kidole juu ya kioo, pembeni kulia.
"Desemba walikuja na gari lisilo na namba," alisema.
"Kaburi hatuna."
Kisha akaniuliza kama nitakula karanga.

Nilimwandikia fundi: rudisha.
Akajibu kwamba hiyo ni kasoro, kwamba kuna viwango,
kwamba kurudisha nako kuna gharama yake.
Nimeuza jenereta.

Sekunde tisa kasoro. Baiskeli inapanda,
gunia linainamia upande wa mnara,
na pale pembeni kulia
anatetemeka, bila kofia,
yuko kazini.