Mfuko wa Kushoto

Jumapili jioni Torkild humwaga mifuko yake
juu ya gazeti, kando ya sinki langu.
Wa kulia ni wa vitu. Wa kushoto, takataka.
Wa kushoto ndio hujaa:
vizibo vya bia, parafujo za trekta,
maganda ya risasi za Wajerumani,
karatasi ya sigara iliyong'aa ikamdanganya,
na mara moja, meno ya bandia.
Miaka kumi na tisa nasugua udongo wa shamba la Mogens
kwa mswaki mkuukuu,
na udongo wa Jutlandi hauna haraka ya kutoka.

Mwanzoni nilimcheka.
Mzee mzima, mstaafu wa posta,
anapepesa sahani mwishoni mwa fimbo,
kulia, kushoto, kulia,
kama anayefagia uwanja ambao hakuna aliyeuchafua.

"Chuma hukoroma," alinieleza.
"Shaba huguna. Fedha, lo,
fedha huita kwa sauti nyembamba, ya juu,
kama kifaranga ndani ya yai."
Nikamwambia: kifungo cha askari aliyekufa
unakisikia shubiri nzima chini ya ardhi,
ila mimi nikisema kahawa inapoa, husikii.

Mwaka wa sarafu ile
alikuja mbio, matope mpaka zuliani.
Nusu sarafu. Haikuvunjika: ilikatwa,
makasi yamepita katikati ya msalaba,
maana enzi hizo ukikosa chenji, uliikata pesa yenyewe.
Usiku ule sikulala.
Nani alinunua nini kwa nusu ile?
Chumvi? Sindano? Kimya cha mtu?
Tukaipeleka makumbusho, ndivyo sheria isemavyo.
Wakatuandikia barua yenye namba.
Barua ipo ukutani, jikoni, inapauka.

Novemba, daktari alituonyesha mstari kwenye karatasi:
ulikwenda sawa, sawa, kisha ukaporomoka.
"Sauti za juu zimeondoka," alisema.
"Ndege wadogo. Kengele ya mlango."
Torkild aliuliza neno moja tu,
na daktari, kijana wa mjini, hakulielewa:
"Na fedha?"

Fimbo ikatundikwa bandani.
Hakulalamika. Afadhali angelalamika.
Sinki langu likawa safi, safi mno,
na Jumapili ikawa ndefu kama foleni.

Februari, kabla Mogens hajapanda,
niliishusha ile fimbo mwenyewe,
nikavaa visikizi vyake juu ya kofia ya sufi,
nikamwambia: beba koleo.

Sikujua kwamba ardhi ina kelele hivyo.
Inakoroma, inaguna, inasafisha koo,
kama kanisa kabla mchungaji hajaingia.
Yeye nyuma yangu, haitazami sahani,
ananitazama mimi usoni.

Karibu na mtaro, kifaranga.

Sikusema. Niliinua mkono.
Alipiga magoti, magoti yale mabovu,
akachimba, akavunja bonge kwa vidole vitupu,
akapuliza, akaniwekea kiganjani
pete ya kopo la bia.

Tuliitazama kwa muda, upepo ukitutoa machozi.
"Kushoto," nilisema, wala sikupaza sauti.
Akageuza ubavu,
akafungua mfuko.