Jalada la Rufina Nandonde

Wamefika watu wa jimbo na daftari jipya,
wanauliza: nani aliona?
Mimi mtunza kumbukumbu, hospitali ya Nyangao,
nimeteremsha jalada la mwaka wa njaa.

Ukurasa wa kwanza, wino wa buluu:
"Rufina Nandonde. Miguu yote miwili haina hisia."
Ukurasa wa mwisho, mwandiko uleule:
"Ameruhusiwa. Ameondoka kwa miguu yake."
Katikati, mchwa.
Siku kumi na tisa zimekuwa udongo.

Padri anataka muujiza, daktari anataka picha,
na mchwa hawakubagua:
wamekula dawa, kama ilikuwapo dawa,
wamekula sala, kama kuna aliyeiandika.

Hata kule kaburini, nawaza,
waliofika alfajiri walikuwa wanawake,
wakaambiwa wanapayuka.
Nani aliwapigia muhuri?

Naamini. Lakini imani yangu haijui kutia saini
pasipo karatasi.

Kila Juni Rufina huteremka kutoka Rondo,
ndoo ya kunde kichwani, hashiki fimbo.
Leo nimemwuliza. Amecheka:
"Mwanangu, mimi nilikuwa nimelala."

Nimeandika tarehe.
Nimeandika: kunde, pishi mbili.
Hilo nimeliona.