Kipimajoto

Arobaini nukta nne.
Nimekifunga kipimajoto kwa uzi,
uzi nimeubana kwa kibanio cha nguo kwenye singa za mkia,
maana mwaka juzi kimoja kilizama ndani,
na Omurzak, mume wangu, alicheka mpaka akakaa kwenye theluji.
Usiku huu hacheki.

Karager hali. Shayiri imejaa ndoo kama nilivyoimimina.
Masikio yake ni birika lililoepuliwa sasa hivi,
na bado anatetemeka:
homa ni mgeni anayeingia na baridi yake begani
kisha akaketi mekoni.

Saikal, daktari wa mifugo, yuko At-Bashy.
Njia ya mlimani imefungwa hadi asubuhi.
Sauti yake inakatikakatika kwenye simu:
Una analjini?
Dawa ya maumivu? nauliza. Hajalalamika.
Farasi halalamiki, anasema. Mpe. Mshipani, polepole,
kama unavyomimina maziwa usiku, usiamshe mtoto.
Na usirudie mpaka nifike.

Ni dawa ileile ya goti la Omurzak,
ila chupa ni kubwa, na mgonjwa
ana shingo ndefu kuliko mlango wetu.
Mshipa unapanda chini ya kidole gumba changu.
Mkono wangu, uliokamua na kukata manyoya miaka thelathini,
unaomba radhi kwanza.

Atapona? nilimuuliza Saikal kabla simu haijazimika.
Akanyamaza, au mtandao ulinyamaza.
Dawa hii haifukuzi mwizi, akasema.
Inamnyamazisha mbwa tu.
Mwizi nitakuja kumtafuta mimi, kukicha.
Leo mnyama apate kunywa.

Saa nane. Thelathini na tisa nukta sita.
Saa tisa sikupima; nililala nimeegemea ubavu wake,
nikaota ninapima mkate.
Saa kumi, thelathini na nane nukta saba,
na mdomo wake ukatafuta ndoo gizani.
Nikahesabu mafunda yakipanda koo, moja moja,
kumi na saba.

Omurzak ameingia na taa, theluji kwenye kope.
Amepona?
Amekunywa, namwambia.

Anakwenda kulala. Mimi nabaki.
Mbwa amenyamaza kweli,
nami nakaza masikio
nisikie hatua.