Mguu wa Harusi

Nilifika Ban Nadeng saa tatu, mvua ikiwa imekatika,
futikamba shingoni kama fundi cherehani,
garini mifuko miwili ya plasta, sanduku la soksi za vigutu,
na fomu.
Fomu ndiyo waliyonisisitizia ofisini Vientiane:
isirudi na pengo.

Mzee Bounlert alinipokea uvunguni mwa nyumba yake,
nyumba iliyosimama kwa miguu sita,
mitatu ya mti, mitatu ya chuma:
maganda ya mabomu yaliyopasuka angani kama njugu,
yakamwaga mbegu, yakaanguka matupu,
kabla mimi sijazaliwa.
"Mchwa hawayali," alisema, akiligonga moja kwa kidole.
La nne amelilaza kando ya ngazi, kalijaza udongo.
Limeota vitunguu.

Nikasoma: Tarehe ya ajali.
Akamwita mkewe. Onsy alihesabu kwa mavuno:
mwaka ule panya walipokula mpunga,
kabla ya daraja, baada ya mtoto wa tatu.
Nikaandika tisini na saba, na alama ya kuuliza.
Nikasoma: Ulikuwa ukifanya nini?
"Nalima."
Nikasoma: Je, vita vilikuwa vimekwisha?
Alicheka, meno mawili tu yakihudhuria.
"Viliisha kwao. Kwangu vilianza
jembe lilipogonga kitu kisicho jiwe."

Jembe halimtupi mkulima, husemwa.
Lake lilimtupa hatua nane.

Nilipiga magoti nikampima:
chini ya goti, sentimita thelathini na nne;
kwenye ncha, ishirini na sita.
Ngozi ya mwisho wa kigutu ni laini kuliko shavu.
Haijawahi kukanyaga kitu.
Mguu aliokuwa akiutumia kaufua mwenyewe
kwa bati la ndege, ndani kautandika kanga la mtoto,
mkanda wa mpira wa baiskeli.
Nilitafuta kasoro ya kuandika. Nikaona moja:
ulikuwa unalia akitembea, kama bawaba.

Mchana alikuja Tou Xa, wa miaka kumi na mmoja,
kutoka kitongoji cha Wahmong kule juu,
nyuma ya pikipiki ya dada yake.
Alidhani ni tufe la petanki.
Lilikuwa duara, alisema, na lilikuwa zuri.
Vidole vitatu vya kushoto, na jicho la upande huohuo.
Akachungulia garini mwangu, akaona miguu, miguu tu,
akaniuliza kwa adabu kama vidole vinakuja gari la pili.

Nikasoma haraka: Mahitaji.
"Glavu ya golikipa," akasema.
"Ya kushoto. Palipo patupu nitajaza pamba mwenyewe."
Niliandika hivyo hivyo. Ofisi wataniuliza,
na mimi nitawajibu kwamba fomu haina pengo.

Wiki ya saba nilirudi na mguu,
wa rangi ile moja tunayoletewa,
rangi isiyo ya ngozi ya mtu yeyote ninayemjua.
Bounlert aliuvaa, akavuka uwanja, akageuka, akarudi.
Haukulia.
Onsy alificha mdomo kwa kiganja.
Sikujua kama ni kicheko.

Nililala kwao. Alfajiri nikamkuta shambani,
tope hadi gotini, na lile bati lake la zamani.
Mguu wangu ulining'inia uvunguni, ndani ya nailoni,
juu, mahali kuku hawafiki.
"Ule ni wa harusi," aliniambia bila kuinua mgongo.
"Na huku?"
"Huku naingia na chuma. Chuma kwa chuma huambizana."
Kisha akalishusha jembe, polepole,
kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.

Gari lilikuwa ng'ambo ya shamba.
Hakuniambia nipite wapi.
Nikashika njia aliyojia yeye, macho chini,
nikikanyaga alama zake moja baada ya nyingine:
unyayo, tundu,
unyayo, tundu.