Zanana ya Jumatano

Jumatano saa tisa, Malindi, wanaume hawaingii.
Msellem mlangoni anakata tikiti, uso kaugeuza ukutani
asije akaambiwa amewatazama wake za watu.
Mkubwa shilingi na thumuni, mtoto thumuni,
wa kupakatwa, bure.
Ndiyo maana shangazi Rukiya alinipakata
hadi miguu yangu ikaburura sakafuni.

Ndani, mabuibui yanavuliwa,
kisha asumini, kisha udi, kisha kitoto cha mtu kinalia,
kisha giza.
Mwale unapita juu ya vichwa na vumbi lake,
na nondo mmoja anatua shavuni mwa bibi arusi,
mkubwa kama kunguru.

Picha ni ya Kihindi. Hakuna ajuaye Kihindi.
Shangazi anajua.
Hajui, lakini anajua.
“Huyo mwenye masharubu ni ami yake, kamla urithi.
Sasa amwambia: nyumba sikupi, hata ulie ukauke.
Tazama bibi anavyomeza mate. Ana mimba huyo.”
Safu tatu za mbele zinageuka kumsikiliza,
za nyuma zinasema, Rukiya, paza sauti.
Wiki ya pili, picha ile ile, ami akawa baba wa kambo
na hakuna aliyelalamika.

Njugu zilifungwa kwa kurasa za daftari la mtu.
Zikiisha nilikunjua karatasi, nikasoma
kwa mwanga wa arusi ya watu:
saba mara nane, hamsini na nne.
Kando, wino mwekundu: Rudia.
Nikamwonea huruma nisiyemjua,
nikamjibia kimoyomoyo.

Siku moja utepe ukakatika.
Uliungua kwanza, doa la kahawia likamla shujaa kifuani,
halafu weupe. Ukuta mzima.
Miluzi. Mtu akarusha ganda la chungwa.
Shangazi akasimama, mimi nimemning’inia shingoni,
akasema: “Basi, alipofika mtoni…”
Robo saa nzima.
Fundi alipokwisha kuunga utepe, tulimzomea fundi.

Nikaja kuripoti kazini, shule ya ndani huko, kupita Ganda.
Darasa la nne: watoto sitini na watatu, vitabu vitano,
chaki moja niliyoitilia sahihi.
Mwalimu mkuu Kitsao alinionya: usicheke nao mpaka Pasaka.
Viatu vya kuazima, vinabana.
Nikaandika tarehe. Nikaandika MVUA HUTOKA WAPI.
Nikageuka.
Macho mia na ishirini na sita.
Chaki ikakatika, ikaanguka, kuku akaidonoa
akaona si mahindi.
Na kichwani mwangu, weupe. Ukuta mzima.

Kadzo, dawati la mbele, alianza kukohoa kwa aibu yangu.
Ndipo nikasikia sauti, na ilikuwa kinywani mwangu:
“Basi, alipofika mtoni…”
“Nani?” akauliza Kahindi, nusu yake iko dirishani.
“Maji,” nikasema. “Bibi Maji. Ana ami yake, Jua, mchoyo huyo,
amemfukuza nyumbani, ampandisha juu hata kanga hajabeba…”
Kutoka nyuma: Mwalimu, paza sauti.

Kengele ilipolia walimzomea mpiga kengele.
Kwenye mtihani Mbodze aliandika
kwamba mvua ni Maji kurudi kwao kudai urithi.
Nilishika kalamu nyekundu mpaka taa ikaanza kufuka.
Rudia sikuweza kuiandika.

Nikirudi nyumbani, shangazi, macho yamemwisha,
hakuuliza nimefundisha nini.
Aliuliza: “Leo umewaonyesha picha gani?”

Siku hizi jumba lile ni duka la saruji na rangi.
Nilikwenda juzi kutafuta misumari ya paa la darasa.
Sakafu bado imeinama vile vile.
Kopo lilimponyoka kijana wa dukani, likabingirika polepole
kati ya safu ambazo hazipo,
likagota mbele kabisa, ukutani.
Alikuwa analikimbilia.
Nikamwambia, liache kwanza.